Kikohozi cha Baba

Kitivo cha sheria nilikosoma kimeniletea fomu. Wanaandaa kijitabu cha kusherehekea mafanikio ya wanafunzi, walimu na wahitimu wao, na sisi wa zamani tumeombwa tujaze nafasi zetu na kuambatanisha picha. Sehemu ya kwanza wameijaza wenyewe kutoka kwenye majalada: jina langu, mwaka wa kuhitimu, na chini yake, "Mshindi wa tuzo ya insha, mwaka wa tatu." Sehemu ya pili ina mistari mitano mitupu. Juu yake wameandika kwa herufi nene: "Mafanikio yako katika taaluma."

Mwezi wa pili huu fomu iko mezani kwangu, na nimeshaweka kikombe cha chai juu yake mara kadhaa. Karani wangu ananikumbusha kila Jumatatu. "Mama, wenzako wote wameshatuma." Ni kweli, na wenzangu wana cha kutuma. Darasa letu limetoa majaji, limetoa mbunge, limetoa bwana mmoja anayeshauri serikali za watu huko nje. Mwalimu wetu wa sheria ya ushahidi ameandika kitabu ambacho kila mwanafunzi analazimika kukinunua, akipenda asipende. Nami sikukaa bure miaka yote hii. Nimeshinda kesi, nimelea mawakili vijana, jina langu linajulikana kuanzia Mbeya hadi Kyela. Lakini kila nikishika kalamu, jicho linarudi kwenye ule mstari wa insha, nami naona aibu kama siku ile.

Insha yenyewe naikumbuka karibu yote, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba imeandikwa vizuri. Nilidai kuwa mila inayomziba mwanamke mdomo haina nafasi mahakamani. Niliandika kwamba mwanamke akivuka kizingiti cha mahakama aiache mila barazani, kama anavyoacha mwavuli. Mfano nilioutumia niliuchukua nyumbani kwetu Rungwe, kwenye desturi ya mkamwana na baba mkwe. Walimu waliusoma wakashangaa, wakaupitisha kutoka ofisi moja hadi nyingine. Niliwauzia mila ya kwetu, nao wakanipa tuzo.

Kwetu, mke wa mwana haonani na baba mkwe. Sisemi hawazoeani, nasema hawaonani. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, hamsemeshi, na jina lake halitamki kamwe. Akimsikia anakuja njiani, anaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Hakuna ugomvi ndani yake. Ni heshima, tena ya pande mbili, kwa sababu na mkwe naye ana wajibu wake: hamvizii mkamwana, hamtokei ghafla.

Baba yangu alikuwa anakohoa. Akishuka kutoka nyumba ya juu kwenda mtoni, akifika kwenye kona ya zizi alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha kutengeneza, na hapo mke wa kaka yangu alijua ana muda wa kutosha kuweka sufuria chini na kujiondoa. Hata alipokuwa na haraka alikohoa. Mara nyingi aliamua kuzunguka nyuma ya zizi kabisa, kwenye matope, ili asimsumbue wifi yangu anapopika. Nilikua nikikijua kikohozi kile kama wengine wanavyoijua kengele ya kanisa.

Baba alikuwa mpima majani kwenye kiwanda cha chai. Wachumaji walileta vikapu, yeye akatundika kwenye mizani na kusoma, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwahi kumdhulumu mtu hata kwa jani moja. Nilipochaguliwa kusoma sheria alikwenda kanisani na mkungu wa ndizi wa shukrani, akausimamisha mbele ya madhabahu. Nilipoapishwa uwakili alipokea picha yangu nikiwa na joho jeusi, akaitundika sebuleni, mahali ilipokuwa picha ya harusi yake. Mama alikuwa amekwisha kufariki, la sivyo angekuwa na la kusema.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Maduka ya Tukuyu yalijaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, mitumba ilimwagwa sokoni kama mahindi, na mashirika ya umma yakawa yanauzwa moja baada ya jingine. Shamba la chai nalo likapata mwenyewe mpya. Baba na wenzake wakapunguzwa. Walipewa barua na kupeana mikono na meneja, wakarudi nyumbani mchana na makoti yao ya kazi mkononi. Yale maeneo ya pembeni ambayo mwekezaji hakuyataka yaliuzwa kwa vipande. Kipande kimoja, kilichokuwa kitalu cha miche ya chai, kilinunuliwa na mfanyabiashara wa mjini, muuza mbolea na mabati.

Kitalu kile kilipakana na shamba ambalo baba alimkatia kaka yangu alipooa. Kaka alikuwa mpasua mbao, na mti ulimwangukia msituni, akaacha mke na watoto watatu. Wifi yangu hakurudi kwao Kisiba. Alibaki kwenye nyumba yake ndogo, katikati ya migomba, akauza ndizi na maziwa na kusomesha wanawe. Lile shamba ndilo lililokuwa ugali wao, daftari zao na sabuni yao.

Mpaka kati ya shamba na kitalu ulikuwa mstari wa masale aliyopanda babu. Sasa masale ni mmea usio na adabu. Ukikata kijiti ukakichomeka popote, kinaota, na kwa mvua za Tukuyu, baada ya miezi michache utaapa kwamba kilizaliwa pale. Asubuhi moja baba alikuwa amelazwa hospitali Mbeya kwa kifua, nami niko Dar es Salaam nikimalizia mambo ya uwakili. Wifi aliamka mapema kukata majani ya migomba. Akawakuta watu wawili na yule mfanyabiashara waking'oa masale na kuyachomeka upya huku juu, nyuma ya nyumba yake. Alijificha migombani akawatazama mpaka wakamaliza. Mwanamke peke yake, watu watatu wenye mapanga. Ningekuwa mimi nami ningejificha.

Baba alirudi kutoka hospitali akakuta mpaka umepanda mlima. Nyumba ya mkamwana wake, migomba yake na zizi lake la mbuzi vimekuwa vya mtu mwingine. Majirani waliokuwa wakiujua mpaka wa zamani wakaanza kusahau. Siwalaumu sana, ingawa siku nyingine nawalaumu. Walikuwa wamepunguzwa kazini kama baba, na mfanyabiashara ndiye pekee aliyekuwa anaajiri vibarua upande ule. "Sisi hatujui mambo ya mipaka," walisema, watu walioipita mipaka ile tangu wakiwa wanabebwa mgongoni.

Kwa hiyo kesi nzima ilikuwa macho ya mtu mmoja. Nilikuwa nimeapishwa miezi michache tu. Nilikuwa nimepanga chumba cha ofisi Bagamoyo. Nasema Bagamoyo yetu ya Tukuyu, si ile ya pwani. Yetu haina bahari, ina matope. Kibao changu cha uwakili bado kilikuwa kinanuka rangi. Baba alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia, akasema, "Wakili, nimekuja." Hakuniita mwanangu siku ile. Tulicheka, lakini niliona jinsi anavyojivuna, na nilijivuna pia.

Nilimwandaa shahidi wangu vizuri, kama nilivyofundishwa. Nilishuka jikoni kwake, tukaketi kwenye vigoda huku akimenya ndizi, akanieleza. Alieleza kwa Kinyakyusa, polepole, bila kurudia na bila kuongeza chumvi. Mwalimu wetu wa ushahidi alizoea kusema kwamba shahidi wa kweli hukumbuka vitu visivyo na maana, na wifi yangu alivikumbuka vyote: rangi ya koti, mfuko waliobebea masale, lipi lilivunjika. Nikajisemea moyoni kwamba kesi imekwisha, tumeshinda.

Alipomaliza kumenya aliniuliza, "Wifi, na mwenye nyumba ya juu atakaa wapi?"

Hivyo ndivyo alivyomtaja baba siku zote. Nilimsikia, na nilielewa anachouliza. Mimi si mtoto wa mjini.

"Atakuwepo," nikamjibu. "Yeye ndiye mdai, lazima awepo. Usiogope wifi, mahakamani ni mambo mengine. Pale hakuna mkamwana wala mkwe, kuna shahidi tu."

Alinitazama kidogo, akainuka kwenda kumwaga maganda. Hakubishana na mimi. Nilikuwa nimesoma.

Siku ya kesi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baraza la mahakama lilijaa miavuli, na ndani kulikuwa na ule mvuke wa makoti yaliyolowa. Hakimu alikuwa mtu wa mbali, mwembamba, mgeni wa baridi yetu, amevaa sweta mbili chini ya koti. Wakili wa upande wa pili alitoka Mbeya. Alinitangulia miaka miwili kwenye kitivo kilekile. Alinipa mkono akaniita mdogo wangu. Baba alivaa koti la kanisani, na alitoa ushahidi wake vizuri, isipokuwa alipoulizwa alikuwa wapi masale yaking'olewa. "Hospitali," akasema. Ndivyo ilivyokuwa. Akarudi kukaa benchi la mbele, nyuma yangu.

Nilikuwa nimemfundisha taratibu. Mdai hatoki toki nje. Mdai hasimami bila kuambiwa. Hakimu akiona unatembea tembea ataona huijali kesi yako. Baba alikuwa mtu wa kiwanda, alielewa taratibu.

"Shahidi wa pili," karani akaita mlangoni.

Nyuma yangu baba akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha kifua. Kilikuwa kile cha kona ya zizi, mara mbili, kikavu. Niligeuka. Alikuwa ameshachukua kofia yake na ameinuka nusu, mkono mmoja kwenye benchi, anaelekea mlango wa pembeni. Hakimu akainua uso kutoka kwenye karatasi yake, amekunja paji. Nami nikaogopa. Nikaogopa hakimu atafikiri nini, na yule wakili, kaka wa Mbeya, atafikiri nini. Nikanyoosha mkono, kiganja chini, nikamwashiria baba: kaa.

Baba alinitazama. Sijasahau alivyonitazama, kwa sababu hakukuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma mizani na kukuta namba asiyoitegemea. Kisha akakaa.

Wifi akaingia. Hatua mbili tu, akaliona koti la baba. Akageuka palepale, akavuta kitenge kikafunika kichwa chote, akasimama ameelekea ukuta, karibu na kalenda.

"Jina lako nani?" hakimu akauliza.

Na hapo pia nilikuwa nimemfunga. Kwenye orodha ya mashahidi nilikuwa nimemwandika kwa mkono wangu mwenyewe, jina lake na jina la ukoo wa mumewe. Jina la ukoo ndilo jina la baba. Swali la kwanza kabisa la mahakama lilimtaka atamke neno ambalo hakuwahi kulitamka tangu aolewe, tena mbele ya mwenyewe.

Aliendelea kuutazama ukuta. Karani akamsogezea Biblia. Alinyoosha mkono kwa nyuma bila kugeuka, akaigusa kwa ncha za vidole, akaurudisha mkono ndani ya kitenge. Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Wakili," hakimu akasema, "shahidi wako ni bubu?"

Watu wengine wakisimulia makosa yao husema walikuja kuelewa baadaye. Mimi nilielewa palepale. Maneno yalikuwa mdomoni, na yalikuwa machache: Mheshimiwa, naomba baba yangu akae nje kidogo. Hakuna hakimu duniani ambaye angekataa. Hakukuhitajika kifungu wala kitabu. Mwanamke yeyote wa kijijini kwetu asiyejua kusoma angelisema hilo bila kufikiri mara mbili.

Sikulisema. Niliona haya. Niliona nitaonekana mshamba, wakili anayeleta mambo ya mkamwana na mkwe mbele ya watu wenye suti. Na chini ya haya hiyo kulikuwa na kitu kibaya zaidi: nilikuwa naiamini ile insha. Nilifikiri akisukumwa kidogo atafunguka, na siku moja atanishukuru.

Nikamwambia kwa Kinyakyusa, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, "Wifi, sema. Sema tu."

Mabega yake yakatikisika. Nyuma yangu nilimsikia baba anapumua.

Hakimu alingoja, akaandika, akangoja tena. "Wakili, una swali lingine?"

"Sina, Mheshimiwa."

Kaka wa Mbeya akainuka nusu. "Nami sina." Bila shaka hakuwa nalo.

Tulipotoka barazani alinikuta natafuta mwavuli wangu kati ya miavuli ya watu. Akanigusa bega. "Mdogo wangu," akasema, "insha yako ile niliisoma. Nzuri sana." Sidhani kama alikuwa ananikejeli. Alikuwa mtu mwenye adabu, alitaka kunifariji. Ingekuwa kejeli ingenipunguzia.

Tulirudi kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma yake, wifi mbali huko na wanawake wenzake. Tulipofika kwenye kona ya zizi baba alikohoa mara mbili, ingawa alijua kabisa kwamba mkamwana bado hajafika. Kisha akazunguka nyuma, kwenye matope, na viatu vyake vya kanisani.

Hukumu ilisomwa tukiwa tumeshaijua. Shahidi pekee wa tukio alikataa kula kiapo na kukataa kujibu. Mdai ameshindwa kuthibitisha madai yake. Mpaka ni huo unaoonekana. Hakimu hakukosea. Kwa kile kilichoandikwa mbele yake, hata mimi ningeamua hivyohivyo.

Nilikwenda kwa baba na karatasi za rufaa. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Nikamweleza kwamba rufaa ina siku zake, kwamba nitaandika sababu, kwamba nitamweleza jaji ile desturi kwa kirefu. Nilisema sana. Aliendelea kuchonga.

"Ile siku ulinikalisha," akasema.

"Baba, nilidhani..."

"Nilisimama, ukanikalisha. Nami nikakaa, kwa sababu nilikusomesha mwenyewe." Akapuliza vumbi la mbao kwenye mpini. "Mkamwana wangu nimemvua nguo mbele za watu. Sirudi huko tena."

Nilimsihi, nililia. Nilimwambia kama ni aibu basi iwe yangu. Alisikiliza yote kwa heshima, kama alivyokuwa akimsikiliza meneja, na mwisho akanikaribisha chai. Bila ruhusa yake sikuweza kukata rufaa, na siku za rufaa zikapita.

Mfanyabiashara hakukawia. Migomba ilikatwa yote ndani ya wiki moja, na ikalala chini na mikungu yake mibichi, mbuzi wakiila. Pale palipokuwa na nyumba ya kaka likajengwa bohari la mbolea. Baba alimwagiza shangazi akamwambie wifi kwamba nyumba ya juu ina nafasi. Lakini utakaaje nyumba moja na mtu ambaye huruhusiwi kumwona? Wote wawili walijua haiwezekani. Aliliagiza tu kwa sababu hakuwa na kingine cha kutoa. Wifi akarudi kwao Kisiba, kwa kaka zake, na watoto watatu na sufuria zake. Binti yake mkubwa, aliyekuwa wa kwanza darasani, akaacha shule akaenda kuchuma chai. Nilijitolea kumsomesha. Wifi alinijibu kwa adabu zote, akasema ndaga, asante, lakini huyu mwache tu asome kwa mikono.

Mwaka uleule kitivo kiliniandikia barua kuomba ruhusa ya kuitumia insha yangu kufundishia. Niliwaruhusu. Sijui kwa nini niliwaruhusu.

Baba aliishi miaka michache zaidi. Hakunisema tena juu ya lile jambo, wala hakuishusha picha yangu ukutani. Ningependa angeishusha. Kifua kilimchukua msimu wa baridi, na tulimlaza sebuleni, jeneza juu ya meza mbili, chini ya picha yangu ya joho. Watu wakapanga mstari kumuaga.

Wifi alifika na watoto wake mstari ukiwa unaelekea kwisha. Wazee wa kike walimpisha. Alifika mlangoni akasimama, kitenge kichwani, uso chini. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba mchungaji aligeuka kutazama kuna nini. Mimi nilijua. Alikuwa anangoja kikohozi.

Kisha akaingia. Alitembea hadi kwenye jeneza, akavuta kitenge kikaanguka mabegani, na akamtazama. Alikuwa ameolewa katika ule mji, akazaa pale na kufiwa pale, na hakuwahi kuuona uso ule.

"Kumbe pua ya mume wangu ilitoka hapa," akasema.

Akaweka mkono kwenye ukingo wa jeneza, na kwa sauti ileile ya jikoni, polepole, bila kuongeza chumvi, akaanza, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

"Tata, niliwaona. Kulikuwa kumepambazuka, ukungu bado uko mtoni. Walikuwa watatu. Wawili siwajui, mmoja ni mwenye duka, amevaa koti la mvua la bluu. Masale waliyatia kwenye mfuko wa mbolea. Walianzia chini kwenye jiwe la kufulia, wakaja kuyachomeka kuanzia kwenye mparachichi. Moja lilivunjika, mwenye duka akalitupa mtoni. Mimi nilikuwa kwenye mgomba wa tatu. Nilitaka kusema siku ile, tata. Lakini ulikuwepo."

Akaondoa mkono kwenye jeneza. "Ndaga," akasema. Kwetu neno hilo ni shukrani na ni pole. Akapandisha kitenge, akageuka.

Alipita karibu yangu kutoka nje. Alinishika mkono, kwa nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Wifi, nimesema."

"Nimesikia," nikamjibu. Kupitia mlangoni bati la bohari lilionekana likimeremeta kwa mvua, na vibarua walikuwa wanapakia gari.

Leo asubuhi nimeijaza ile fomu. Mistari ni mitano, na imenibidi nibane herufi: ukungu, watu watatu, koti la bluu, mfuko wa mbolea, jiwe la kufulia, mparachichi, lile sale lililotupwa mtoni, mgomba wa tatu. Imetosha kwa shida. Karani wangu ameisoma akaniuliza kama sijakosea karatasi. Nimemwambia aipeleke posta.